CRF250L yako na vilima vya Kabare: dola 400 zianzie wapi?

*Swali: Papa Fundi, salamu. Nimenunua Honda CRF250L ya 2017 iliyotumika, ilikuwa ya shirika moja. Mimi na wenzangu watatu tumeanza kupanda njia za miguu nje ya Bukavu, upande wa Kabare na Nyangezi. Kwenye udongo uliolowa inateleza, kwenye mwinuko inazimika, juzi rejeta ilichemka mpaka maji yakamwagika, na baada ya saa moja mikono yangu haifungi tena. Nina dola 400. Rafiki zangu wanasema nianze na ekzosi ya wazi na tairi pana la nyuma. Wale wa Goma wanasema tusipunguze upepo wa tairi hata kidogo. Nianzie wapi? Au niiuze nitafute pikipiki ya cc 300 ya mipigo miwili (two-stroke)? (Msomaji wa Bagira)*

Mdogo wangu, ekzosi iache dukani. Naanza hapo kwa sababu najua ndiyo inayokuwasha, na ukishaitoa kichwani hayo mengine yote yatapata pesa.

Mimi pia niliwahi kulogwa na kelele. Nilikuwa na Yamaha DT 125, nikaifungia ekzosi ya wazi, mtaa mzima ukawa unajua saa ninayorudi nyumbani. Barabarani ilikuwa tamu. Wiki iliyofuata nikaipeleka kwenye mwinuko mmoja juu ya Nyangezi ambao nilikuwa nimeuzoea. Nusu ya njia ikakohoa, ikazimika, ikaanza kurudi kinyumenyume nami juu yake, tukaishia wote wawili katika shamba la muhogo la mama mmoja. Nililipa mashina saba. Ekzosi ya namna ile huisogeza nguvu juu, kwenye mizunguko mingi, na kuinyima injini pumzi ya chini. Na enduro ngumu, mchezo huu wa kupanda milima na mawe kwa pikipiki, inachezwa chini: gia ya kwanza na ya pili, injini ikinguruma kidogo tu, tairi likitafuta pa kushika. Unataka pikipiki inayoweza kwenda polepole kuliko mtu wa miguu bila kuzimika, na inayoweza kuanguka mara ishirini kwa siku ikaamka nzima. Pima kila dola kwa mambo hayo mawili.

Kuna kitu rafiki zako hawakukihesabu. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Kabare kuna migongo inayopita 2,000. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, maana hewa inakuwa nyepesi. Wewe basi umeshapoteza asilimia 15 kabla hujatoka Bagira, na kule juu 20. Honda yako ni ya injeksheni, inapima hewa na kupunguza petroli yenyewe. Mwenzako mwenye kabureta ndiye mwenye kazi: petroli inamzidi, bujii (plagi) inatoka nyeusi kama masizi ya chungu, injini inakaba akifungua. Yeye, kwenye jeti kuu, kile kitundu cha kupitishia petroli, aweke iliyo ndogo kwa namba moja au mbili, au ashushe sindano kwa kusogeza kiklipu chake mfuo mmoja juu. Asiguse kingine kabla ya kujaribu hilo.

Nguvu iliyopotea utairudisha kwa meno ya pinyo, yale magurudumu madogo yenye meno yanayozungusha mnyororo. CRF250L ilitoka kiwandani na meno 14 mbele na 40 nyuma. Gawa 40 kwa 14, unapata 2.86. Ukiweka 13 mbele unapata 3.08, ukiongeza na 44 nyuma unapata 3.38, yaani mvuto umepanda kwa asilimia 18 hivi. Asilimia 15 uliyonyang'anywa na hewa imerudi na chenji juu. Utapoteza mwendo wa mwisho kwenye lami, lakini hukuniuliza swali hili kwa ajili ya lami. Pinyo ya mbele ni ya bei ndogo, anza nayo. Ukiamua 44 nyuma, mnyororo wa zamani utakuwa mfupi, na kuweka mnyororo uliochakaa kwenye pinyo mpya ni kuiua pinyo kwa mwezi mmoja. Nunua vyote siku moja. Kisha angalia kitelezeo cha plastiki juu ya mkono wa nyuma: pinyo ndogo ya mbele inauvuta mnyororo karibu nacho na unakikata haraka. Ulegevu wa mnyororo upime ukiwa umekaa juu ya pikipiki, na mtu mwingine ndiye apime.

Kuzimika kwenyewe, kwa mwenzako wa kabureta, kuna dawa nyingine ya bure. Apandishe kidogo sailensa, yaani mwendo wa injini gesi ikiwa imefungwa; yako ya injeksheni hujirekebisha yenyewe. Motari wa mjini, dereva wa pikipiki ya abiria, huishusha ili kubana petroli. Kwenye mteremko wa mawe, ukifunga gesi ghafla, sailensa ya chini ndiyo inakuacha na injini iliyokufa katikati ya jiwe.

Sasa tairi. Hapa ndipo pesa yako kubwa iende, na hapa ndipo nitakaa.

Udongo wetu mwekundu una tabia mbili. Mvua ikinyesha kidogo juu yake unakuwa sabuni: chini mkavu, juu utelezi. Ikinyesha sana unakuwa unga wa ugali, unajaza nafasi zote kati ya meno ya tairi, na tairi zuri linageuka kipara. Kwa hiyo usitafute tairi lenye meno mengi yaliyosongamana. Tafuta lenye meno marefu yaliyoachana, yenye kutema tope likizunguka. Tairi za enduro za mashindano ya FIM, shirikisho la dunia la mashindano ya pikipiki, zina meno yasiyozidi milimita 13. Ukipata la mtumba lenye 9 au 10 na kingo zake bado kali, lichukue. Kingo ndizo zinazoshika. Nimeona watu wakichonga upya kingo za meno yaliyochakaa kwa msumeno mdogo, na inafanya kazi kwa siku mbili tatu.

Tairi pana ni mtego. Rimu yako ya nyuma ni nyembamba, imetengenezewa 120/80-18. Ukibandika 140 juu yake, mbavu zinabanwa ndani na uso wa tairi unavimba kama mgongo wa samaki. Unabaki unagusa ardhi kwa mstari wa katikati tu. Chukua 110/100-18: ni ndefu zaidi kwenda juu, inainua pikipiki kidogo, na mbavu zake ndefu zinalala vizuri juu ya jiwe na mzizi.

Halafu upepo. Wengi wenu mnatembea na bar 2 kama mtu aliyepakia magunia mawili ya makaa. Kwenye udongo wetu mimi naweka bar 0.8 nyuma, yaani psi 12 hivi, na 0.9 mbele. Tairi likilegea linalala, linaikumbatia ardhi kwa eneo kubwa. Kwa tyubu ya kawaida huwezi kushuka hivyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Nunua tyubu nene, zile za milimita 4, nzito mkononi kama mkate, na uipake poda ya mtoto kabla ya kuingiza ili isisuguane na tairi. Ya pili, tairi legevu linazunguka juu ya rimu na kuikata valvu shingoni. Dawa yake ni gripsta, kile kishikizi chenye mpira kinachokaa ndani ya rimu na kulibana tairi kwa nati kutoka nje. Inabidi utoboe rimu tundu moja, mbali kidogo na valvu. Fundi akishatoboa, alainishe kingo za tundu kwa tupa na sandpepa, asikuachie wembe ndani ya rimu. Na ile nati ndogo ya valvu usiikaze kwenye rimu. Ipandishe juu mpaka kwenye kifuniko. Siku tairi likianza kuteleza, utaiona valvu imeinama, nawe utapata nafasi ya kurekebisha kabla haijakatika.

Wapo watakaokuambia ununue musi, lile povu zito linalojaza tairi zima mahali pa upepo. Michelin ndio waliolitoa kwenye mashindano ya Paris–Dakar miaka ya 1980, na washindani wa leo wengi hawatembei bila hilo. Ni zuri sana. Ila linahitaji mafuta yake maalumu, linachoka, linaunguzwa na mwendo wa lami, na wewe unatoka Bagira hadi Kabare kwa magurudumu yako mwenyewe. Subiri.

Kuhusu ndugu zetu wa Goma: hawadanganyi, wanaongelea ardhi yao. Kule wanapanda juu ya lava ya Nyiragongo, ile ya 2002 iliyopita katikati ya mji na ile ya 2021. Lile jiwe ni jeusi, lina matundu kama sponji iliyoganda, na kila tundu lina ukingo wa chupa iliyovunjika. Ukilikanyaga kwa bar 0.8 litakukata ubavu wa tairi. Ukienda kuwatembelea panda hadi 1.1 au 1.2, na beba kipande cha ubavu wa tairi la zamani cha kuweka ndani pakichanika. Ukirudi Bukavu, toa tena. Kipimo kidogo cha upepo kinachosoma bar ndogondogo kwa usahihi kina faida kuliko stika zote unazoziona kwenye pikipiki za watu.

Kinga usinunue, tengenezesha. Mpelekee mchomeleaji bamba la alumini la milimita 4, likunjwe kufunika tumbo la injini hadi pembeni, mahali pampu ya maji na kifuniko cha klachi vinapotokeza. Kama alumini haipo chuma chembamba kinatosha, ila utabeba uzito. Litobolewe matundu makubwa ya kutolea tope, na moja mahali pa bolti ya kumwagia oili. Niliwahi kuletewa bamba zuri lisilo na hata tundu moja: lilikuwa limebeba kilo tatu za udongo na injini ilikuwa inapikwa kama kiazi kwenye jivu. Kinga za mikono ziwe zile zenye fimbo ya alumini inayofungwa pande mbili za usukani, si za plastiki tupu. Na kabla ya kufunga vishikio vya breki na klachi, zungushia usukani mizunguko michache ya utepe mweupe wa mafundi bomba, kisha ukaze kiasi. Ukianguka, kishikio kitazunguka badala ya kuvunjika. Utepe huo ni senti, kishikio ni dola.

Usisahau kamba za kuvutia, moja mbele chini ya taa, moja nyuma ya siti. Wanaoanza wanazicheka. Huko Austria kuna mlima wa machimbo ya chuma, Erzberg, ambako mashindano ya Erzbergrodeo yanafanyika tangu 1995. Siku ya fainali wanaondoka waendeshaji 500, wana saa 4. Mwaka 2015 sehemu moja ya msitu ilikuwa mbaya hata wa mbele wanne, Graham Jarvis, Jonny Walker, Alfredo Gómez na Andreas Lettenbichler, wakashindwa kila mmoja peke yake. Walivutiana pikipiki moja baada ya nyingine mpaka juu, wakamaliza pamoja, na wote wanne wakatangazwa washindi. Kama hao wanavutana, wewe ni nani? Kata mkanda wa usalama kwenye gari bovu, ni mpana, haumkati mtu vidole, na magari mabovu Bukavu hatujawahi kukosa.

Rejeta yako. Maji katika chungu cha wazi hapa Bukavu yanachemka karibu digrii 95, si 100, kwa ajili ya urefu ule ule niliousema. Kinachokuokoa ni kifuniko cha rejeta: kinabana presha ya bar 1.1 hivi, na chini ya presha hiyo maji yanastahimili hadi karibu 120. Mpira wa kifuniko ukipasuka, unabaki na chungu cha wazi. Kwa pikipiki ya miaka hii, anza kwa kubadilisha kifuniko kabla hujalaumu kitu kingine. Pili, washa injini isimame mpaka ipate joto uone kama feni inazunguka. Tope huifunga, na waya wake hukatika. Tatu, osha rejeta kutoka nyuma kwenda mbele kwa maji ya kawaida. Ile mashine ya presha ya waosha magari ikielekezwa upande inalaza mapezi yote, na hewa haipiti tena. Tia kimiminika cha kupoza, nusu kwa nusu na maji safi. Ukikosa, maji ya mvua uliyoyakinga ni bora kuliko ya bomba, hayaachi magadi ndani. Na kabla sijahama hapo: ukichemka, usifungue kifuniko. Zima, kaa kitako, piga hadithi nusu saa.

Lakini mara nyingi joto linatoka mkononi mwako. Ukiwa unaning'iniza klachi, ambrayaji kama tunavyosema wenyewe, kila mita ya mwinuko, sahani zinasuguana na oili inachemka. Pinyo ya meno 13 itakupunguzia hilo. Oili iwe na alama ya JASO MA au MA2. Oili nyingi za gari zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyohiyo: itaanza kuteleza na utadhani sahani zimekwisha. Badilisha kila kilomita 1,000 ukipanda hivi. Kabo ya klachi, yaani waya wake, nunua ya pili, uipitishe sambamba na ya kwanza, ncha zimefungwa utepe. Ya kwanza ikikatika juu ya mlima, unachomoa hii unachomeka ile, dakika tano.

Mikono isiyofunga. Hapo sitaki dola zako hata moja. Simama juu ya vikanyagio, nyoosha mikono kama mtu anayesukuma mlango. Vishikio vinatakiwa viendelee mstari wa mkono, yaani vielekee chini kidogo. Vingi vimewekwa kwa mtu aliyeketi, na ukisimama unavunja kifundo. Visogeze ndani pia, ili kidole kimoja tu kifike ncha ya kishikio. Kidole kimoja klachi, kimoja breki, vingine vinashika mpira kama unavyoshika yai. Pikipiki ishikwe na magoti. Ukiona kiganja kina malengelenge, magoti hayafanyi kazi.

Sehemu ya pili ya mikono iko kwenye shoko la nyuma. Fanya kipimo hiki na wenzako. Pikipiki ikiwa imeinuliwa, gurudumu likining'inia, pima kutoka ekseli hadi alama juu ya plastiki. Kisha simama juu yake na viatu vyako vyote na mzigo, mmoja akushikilie, mwingine apime tena. Tofauti iwe kama theluthi ya mwendo wa gurudumu la nyuma; kwako mwendo huo ni kama sentimita 24, kwa hiyo 7 hadi 8. Ikizama 11 au 12, mbele inabaki imeinuka, gurudumu halielekei unapotaka, na unapambana na usukani siku nzima. Springi ya kiwandani imepangiwa mtu mwepesi anayekwenda kazini. Kuibana zaidi kunaiinua pikipiki lakini hakuifanyi iwe ngumu. Ugumu uko kwenye waya wa springi. Ukizidi kilo 80, springi ngumu zaidi ndiyo kitu cha kuwekea akiba baada ya hizi 400. Mbele, oili nzito kidogo kwenye foku itakusaidia kwa sasa, na sili zinazovuja zibadilishwe siku hiyohiyo.

Petroli ya Kadhafi, yaani muuza petroli wa kando ya barabara, ichuje kwa kitambaa safi. Pampu ya injeksheni haina huruma kama kabureta, maji kijiko kimoja yanakurudisha nyumbani kwa miguu. Ukiangukia mtoni na injini ikanywa, usibonyeze stata: maji hayabanwi, fimbo ya pistoni ndiyo itapinda. Toa bujii kwanza, zungusha, yatemwe. Kichujio cha hewa kiangalie zaidi Juni hadi Agosti, vumbi la kiangazi linaua injini nyingi kuliko tope la Aprili.

Njia mnazopita ni za watu. Mkikuta mama na mzigo mgongoni, zima injini, apite. Salimieni shefu wa kijiji kabla ya kupanda na ulizeni usalama asubuhi hiyohiyo, si wa jana. Na mkielekea Miti, msikate kuingia Kahuzi-Biega. Ni hifadhi tangu 1970, sokwe wale hawakuomba enduro.

Umeuliza habari ya 300 ya mipigo miwili. KTM 300 EXC ina karibu kilo 105 bila petroli, yako ina karibu 145 ikiwa imejaa. Hata ukijaza tangi lake, tofauti inapita nusu ya mfuko wa saruji, na utaihisi kila unapoiinua. Ni mashine ya kazi hiyo hasa. Ila pistoni yake inahesabiwa kwa masaa, vipuri vyake utaviagiza kutoka nje, na pesa ya kuinunua ni mara kadhaa ya hiyo yako. Panda hii misimu miwili. Plastiki ya nyuma, vioo na vikanyagio vya abiria vitoe mkishafika mlimani, uvirudishe kabla ya kuingia mjini kukutana na polisi wa barabarani. Hapo tayari umepunguza kilo chache bure.

Jumamosi hii nunua tairi la nyuma, tyubu nene, gripsta, pinyo ya 13 na kifuniko cha rejeta, na umpelekee mchomeleaji bamba. Kama tairi la mbele bado lina kingo, liache hadi mvua za Septemba. Baada ya kupanda mara ya kwanza, kabla hata hujaoga, pitisha spana kwenye nati za pinyo ya nyuma na ugonge spoki zote moja moja kwa bisibisi. Ile yenye sauti ya gunia ndiyo ya kukaza.